Miaka Mitatu Isiyopimwa

Kambsel, 3 Machi 1994

Svala,

Huna haya. Mdogo wangu amezikwa Jumamosi, kanisa limejaa mpaka watu wamesimama nje kwenye theluji, na wewe uliyekuwa unamng'ang'ania mgongoni tangu una miaka minne hukuonekana. Mama yako anasema ulikuwa na mtihani. Mtihani gani huo wa Februari? Nimemuuliza mke wa mchungaji, binti yake anasoma huko huko Kopenhageni, kasema hakuna mtihani wowote. Basi mmoja wenu ni mwongo, na mama yako Unnur nimemzaa mimi, hana akili ya kutunga.

Ukaona utatufunga mdomo kwa makala ya gazetini. Siku ya maziko zilitoka makala kumi na saba za kumlilia Oddgeir. Kumi na saba! Ragnar wa duka la mbolea alipata tisa, na yule alikuwa anapendwa. Nimezikata zote nikazitia kwenye Biblia. Ya kwako nimeitia kwenye droo ya visu, itakaa humo mpaka uisahihishe. Umeandika hivi: "Kwa miaka zaidi ya arobaini Babu Oddgeir alipima ukingo wa barafu kuu ya mlimani Kambsel kwa mikono yake mwenyewe." Mikono ipi? Ile iliyoshindwa kufunga lango la zizi? Tangu mwaka wa 1952 utepe wa kupimia nimeushika mimi. Kwanza na babu yako Bergur, Mungu amrehemu, halafu na mama yako, halafu na jirani yeyote aliyekosa kisingizio. Kila Septemba, kondoo wakishashuka mlimani, tuone barafu imesogea kiasi gani. Naandika namba kwenye kadi, napeleka posta, naye huko mjini anaitia kwenye vitabu vyake. Sitaki sifa. Lakini usimsingizie maiti kazi asiyoifanya. Angeona aibu, nawe unajua alivyokuwa anawaka masikio akiona aibu.

Maziko yalikuwa mazuri, kama unataka kujua. Watu wa chuo walikula chapati zetu za maji kana kwamba huko kwao wanalishwa karatasi. Mmoja mwenye ndevu akaniuliza, "Mama, na wewe ulikuwa unafanya kazi na Daktari?" Nikamwambia, "Hapana, yeye ndiye alikuwa anafanya kazi na mimi." Akacheka. Sikuwa natania.

Nijibu. Na uniambie ulikuwa wapi.

Bibi yako,
Herdís


Kopenhageni, 15 Machi 1994

Bibi mpendwa,

Nisamehe. Kuhusu maziko nitakueleza, ila si leo.

Kuhusu makala umesema kweli. Niliandika nikilia, na nilikuwa nawaza mikono yake kwa sababu hiyo ndiyo ninayoikumbuka, jinsi ilivyokuwa inanuka tumbaku na wino. Unakumbuka kiangazi alipotukalisha mimi na binamu zangu kwenye ukuta wa zizi, kila tukisema jambo anatuuliza, "Umejuaje?" Tukisema kesho itanyesha, "Umejuaje?" Ukapita na birika ukasema kahawa imechemka, naye akakuuliza, "Umejuaje?" Ukamwambia, "Nitakumwagia, ndiyo utajua na wewe." Tulianguka ukutani kwa kicheko. Bibi, mimi niko hapa kwa sababu ya swali lile. Sisi sote wanne tuko tulipo kwa sababu ya swali lile, hata binamu yangu Hildur anayefundisha watoto wadogo.

Nina habari. Kabla ya Krismasi Babu Oddgeir alinitumia madaftari yake yote ya vipimo. Sasa chuo kinataka kutoa kitabu cha kumkumbuka, na Profesa Halberg amenipa mimi kazi ya kupanga namba zote za barafu ya Kambsel, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kitabu kikitoka na jina langu ndani, nafasi ya kuendelea hapa naipata.

Nina swali dogo, la maelezo ya chini ya ukurasa tu. Mwaka 1970, 1971 na 1972 mlipima vipi? Kutoka jiwe lile lile jekundu? Nani alikushikia utepe?

Nakupenda,
Svala


Kambsel, 2 Aprili 1994

Svala,

Unauliza kama polisi. Tulipima kama miaka yote. Jiwe jekundu mpaka ukingo wa barafu. Nani alishika utepe sikumbuki, nina miaka sabini na nne, hata jana nilikula nini sikumbuki. (Nilikula samaki.)

Namba ziko kwenye kadi. Mita kumi na sita, kumi na tano, kumi na saba, zote za barafu kurudi nyuma. Ziandike, maliza.

Kama unataka kitu cha kutia kwenye kitabu, waandikie alivyokwenda shule, maana watu wa chuo wanadhani alizaliwa na miwani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alimpa kazi ya kuwakata wana-kondoo masikio kabla hawajapanda mlimani, alama yetu, mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Mtoto mdogo anaijua. Oddgeir akafanya kazi hiyo kisu mkono mmoja, kitabu mkono mwingine. Wana-kondoo ishirini na wawili akawakata upande wa kulia, ambayo ni alama ya Hjalti jirani yetu! Hakuna aliyetazama. Septemba tunafika zizi kuu, wilaya nzima ipo, kila mtu anachambua wake kwa masikio, na kondoo wetu mmoja mmoja wanaingia kwa Hjalti. Baba anapiga kelele, "Huyo wangu!" Hjalti anashika sikio anamwonyesha, "Sikio linasemaje, Ketil?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hjalti alirudisha kumi na wanane. Wanne eti hawakuonekana.

Baba akasema mbele za watu, "Huyu asiyeweza kusoma sikio, nendeni naye akasome vitabu." Ndivyo daktari wenu alivyopatikana.

Mimi nilikuwa nazijua kwa kichwa alama za mashamba arobaini na moja. Basi nikabaki na kondoo. Nilisoma majira manne tu ya baridi, kwa mwalimu wa kuzunguka ambaye alikuwa akisinzia. Silalamiki. Oddgeir alipopata udaktari wake wa elimu ya barafu alikuja moja kwa moja hapa, hata koti hajavua, akaniambia, "Dada, nahitaji mtu wa kupima barafu ambaye hatanidanganya." Akanichagua mimi. Hakwenda kwa mchungaji wala kwa mwalimu.

Pasaka njema. Kula vizuri, umekonda kwenye ile picha.

Herdís


Kopenhageni, 20 Aprili 1994

Bibi mpendwa,

Nimesoma habari ya masikio kwa wenzangu, walicheka wote. Profesa anataka iwe mwanzo wa kitabu.

Lakini nisikilize, tafadhali, usikasirike. Namba zile tatu zimo kwenye daftari la Babu. Kwenye kitabu chake kikubwa hazimo. Alikichapa kwa Kidenmaki, ndiyo maana labda hukuwahi kuliona lile jedwali. Miaka mitatu ile ameiacha tupu. Na kwenye dibaji ameandika: "Pengo la mwaka 1970 hadi 1972 ni uzembe wangu mimi. Kosa ni langu." Watu walimdhihaki kwa hilo, Bibi. Yupo mmoja aliyesimama mkutanoni akasema kwamba Oddgeir Ketilsson alilala usingizi wa miaka mitatu. Kuna waliosema kwamba ndiyo maana alinyimwa uprofesa hapa.

Sasa Profesa Halberg ameziona namba kwenye daftari, amefurahi sana. Anataka tuzitie, tuoneshe kwamba Babu hakuwa mzembe, tumsafishe jina. Kitabu kinakwenda kwa wachapaji Oktoba.

Shida ni kwamba Septemba ya 1972 ndege ilipiga picha pale. Nimeipima picha hiyo siku nne. Barafu haikurudi nyuma miaka ile. Ilikuja mbele. Ilikuja mbele sana.

Bibi, mlipima kweli? Nakuuliza kama mjukuu wako, si kama mwanafunzi.

Svala


Kambsel, 1 Mei 1994

Svala,

Kondoo wanazaa, sina muda wa upuuzi. Miaka arobaini na mbili naipima barafu hiyo, leo mtoto aliyefundishwa kuvaa soksi na mimi ananiuliza kama nilipima kweli.

Nilituma namba. Kama hakuzitia kwenye kitabu, alikuwa na sababu zake, au alisahau, alikuwa akisahau hata viatu. Zitie. Msafishe jina.

Usiniandikie tena habari hii.

Herdís Ketilsdóttir


Kopenhageni, 9 Juni 1994

Bibi,

Najua umenikataza. Naandika mara hii tu.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la Babu. Tazama pembeni ya namba zako tatu. Amezipiga mstari, na kando ameandika kwa penseli, mwandiko wake ule wa kuinama: "Hakupima. Najua kwa nini. Asiulizwe."

Sasa nitakwambia nilikuwa wapi siku ya maziko. Nilikuwa chumbani kwangu, nimekaa sakafuni. Niliuona ukurasa huu mwishoni mwa Januari, naye yuko hospitali Reykjavík. Nikampigia simu. Nikamuuliza, ana maana gani. Akasema, "Mwache dada yangu." Nikamwambia, "Wewe uliyetufundisha kuuliza, sasa unaficha?" Nikamwambia yeye ni mwoga, Bibi. Nilimwita mwoga, yeye, amelala kitandani na mirija puani. Akasema, "Huenda," kisha akakata simu. Baada ya siku kumi na mbili akafa. Ningewezaje kuja kusimama mbele ya jeneza lile nikaimba na ninyi?

Nimemwambia Profesa sitazitia namba hizo. Amesema basi ataweka mtu mwingine, na nafasi yangu atapewa huyo. Labda ni sawa. Hapa kila kitu kinanikumbusha yeye na simu ile. Nafikiria kuacha masomo. Wananihitaji kwenye kiwanda cha samaki anakofanya kazi Mama, kuna kazi.

Sikuulizi tena ulifanya nini. Nilitaka tu usome alichoandika, kwa sababu nadhani alikiandika kwa ajili yako na hakuweza kukupa.

Svala


Kambsel, 28 Juni 1994

Svala,

Nimeisoma karatasi. Niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Nimekaa nayo wiki mbili. Jirani amenikatia nyasi, nilimwambia naumwa mgongo.

Sasa nawe kaa, usisome huku unatembea kama alivyokuwa akifanya Oddgeir.

Septemba ya 1970 Oddgeir aliniandikia barua. "Herdís, harakisha, mkutano ni tarehe tano, bila namba yako nitasimama mbele yao mikono mitupu." Kila mwaka tulikuwa tunangoja baridi ya kwanza, mto upungue, ndipo tunavuka kwenda kwenye jiwe. Mwaka ule mvua haikukatika. Na mimi nilikuwa kwenye kuchinja, nina matumbo ya kondoo kumi na manane ya kushona yawe mifuko na damu ya kuyajaza tupike, jikoni hapakanyagiki. Bergur akasema, "Nakwenda peke yangu, ncha moja nitaifunga kwenye jiwe."

Nikamwambia, "Mto haujapungua."

Akasema, "Daktari wetu anangoja." Tulikuwa tunamwita hivyo, tukijivunia na kumcheka pamoja.

Nikamwambia, "Haya, nenda, lakini usikawie. Nataka mtu wa kunikorogea damu isigande."

Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mume wangu.

Farasi wake alirudi peke yake saa tisa. Tulitafuta siku mbili, na mimi ndiye niliyemwona, chini huko mto unapotawanyika mchangani. Alikuwa amejizungushia utepe mkononi, mizunguko minne, usimpotee. Niliufungua kabla wengine hawajafika, nikautia mfukoni mwa sketi. Nikasema alikuwa amefuata kondoo. Waliamini wote, ndiyo kazi inayoua watu huku kwetu. Mama yako mpaka leo anaamini hivyo. Barua niliitia kwenye jiko.

Unajua kwa nini. Kama Oddgeir angejua ni barua yake, angeiacha barafu. Angeacha kila kitu, aje akae hapa jikoni kunitazama kwa macho ya mbwa aliyepigwa, mtu asiyejua hata kukamua. Nilikuwa nimeshazika mmoja. Sikutaka kumzika wa pili akiwa hai.

Basi nikakaa mezani nikaandika kadi. Nilijua barafu inarudi nyuma kila mwaka, mita kumi na tano, kumi na sita. Nikaandika kumi na sita. Mwaka uliofuata nilifika ukingo wa mto, nikautazama, nikarudi nyumbani. Kumi na tano. Mwaka wa tatu hata ukingoni sikufika. Kumi na saba, ili uongo usifanane sana. Mwanamke wa majira manne ya shule akamdanganya daktari, na kwa miaka ishirini na mitatu nilijiona mjanja.

Mwaka wa 1973 mto ulihama. Ukaenda upande wa mashariki, kama mito hii inavyofanya, ukaacha mawe matupu. Nilivuka pale pale alipozama Bergur, na viatu vyangu havikulowa. Nilipoiona barafu ilipo nilijua nimefanya nini, maana ilikuwa imesogea mbele mno, jiwe letu jekundu lilikuwa karibu kumezwa. Nikapima upya nikaandika namba ya kweli. Nikangoja aniulize imewezekanaje. Aliniandikia neno moja tu: "Ahsante." Nikadhani hakuelewa. Mimi, nilidhani yeye hakuelewa barafu!

Na wala si kujua kwake kunakoniumiza. Kila kiangazi alikuja, akakaa kwenye kiti cha Bergur, akala nyama yangu ya moshi, akauliza, "Barafu haijambo?" Nami nikajibu, "Haijambo." Yeye ananificha kwamba anajua, mimi namficha kwamba alisababisha. Huko nje watu wanamcheka kwa uzembe ambao ni wangu, na yeye anawaacha wacheke. Tungeweza kulia pamoja. Hata kiangazi kimoja tu. Wazee wawili wapumbavu, tumekaa tunapitishiana chumvi.

Sasa wewe. Unadhani alikufa amekukasirikia. Alinipigia simu Januari ile, sauti imekwisha kabisa, anacheka mpaka anakohoa. "Svala amenifokea," akasema. Nikamuuliza, kwa nini? "Kwa sababu ana haki. Atanipita yule, Herdís. Huyo hatadanganywa na mtu." Nilifikiri umemfokea kwa ajili ya sigara, nikasema vizuri sana. Basi usinifanyie majivuno ya kujitesa sakafuni. Mtu aliyekaa na uongo wangu miaka ishirini na mitatu, akakutumia wewe madaftari yote, na ukurasa ule umo ndani, unadhani alisahau kuuchana? Alisahau viatu. Madaftari hakuyasahau hata siku moja. Alijua utauliza, na mimi alijua sitamjibu mwingine.

Kiwanda cha samaki! Wewe ukikatwa kidole tu unazimia. Hutaacha chochote.

Mwambie profesa wako miaka mitatu ile ibaki tupu. Chini yake aandike: "Herdís Ketilsdóttir wa Kambsel hakupima, kwa sababu mumewe Bergur Árnason alizama akienda kupima. Oddgeir Ketilsson alijua, akajitwika kosa." Majina yetu yote matatu, asikate hata moja. Akikataa, mwambie aniandikie mimi, nitamjibu, na hatapenda. Kama jina lako halitakuwamo humo, lisiwemo. Lakini namba zangu hazitaingia.

Mama yako nitamwambia mwenyewe Jumapili, baada ya kanisa. Usimtangulie.

Na uje. Kondoo watashuka tarehe kumi na saba Septemba. Barafu haijapimwa tangu amekufa, na miguu yangu haiwezi tena mawe yale, nitakaa kwenye jiwe nishike ncha ya kwangu. Ya mbele utaishika wewe. Njoo na buti za kweli, si vile viatu vya Kopenhageni. Utajifunga kamba kiunoni kabla hujatia mguu majini, na namba hutaiandika mpaka uwe umeigusa barafu kwa mkono. Mto ukiwa umejaa, tutangoja, hata mwezi mzima, na profesa naye angoje.

Bibi yako,
Herdís